Timu ya vipimo vya mionzi huongozwaje katika maabara ya ukaguzi wa nyuklia?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafizikia, na kwa miaka tisa nimekuwa Arusha nikipima mionzi katika vyakula, maji na udongo kwa vigunduzi vya gama. Sasa nimeteuliwa kuongoza timu ya watu sita katika maabara ya ukaguzi wa nyuklia nchini Austria. Wawili kati yao wamenizidi umri na uzoefu. Naomba unisaidie mambo matatu. Kazi hii inatofautianaje na ile niliyoizoea? Nitajuaje kwamba majibu yanayotoka na saini yangu ni sahihi? Na je, nikishakuwa kiongozi, niache kushika vifaa?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera. Nitaanza na swali lako la kwanza, kwa sababu ndilo linalobeba mengine mawili.

Katika kazi yako ya Arusha, pakiti ya maziwa ya unga inayoletwa mbele ya kigunduzi haina nia yoyote. Ikiwa ina sizi ya 137, ambayo ni elementi yenye mionzi, kilele chake katika spektra (mchoro wa nguvu za miale ya gama) kitajitokeza kwenye kiloelektrovolti 661.7 (keV, kama tunavyoandika), nawe utaulizwa jambo moja tu, yaani kama kiwango kimevuka kikomo au hakijavuka. Katika maabara unayokwenda, kila sampuli imetanguliwa na tangazo. Nchi imesema ina kiasi fulani cha urani, chenye urutubisho fulani (yaani sehemu ya urani ya 235 iliyomo), mahali fulani. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wamekwenda, wamechukua sampuli, wameifunga kwa lakiri, na sasa maabara inaulizwa kama tangazo na kitu chenyewe vinalingana. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika mwaka 1970, unasimama juu ya majibu ya namna hiyo. Mara nyingi sana tangazo na kipimo hulingana, na hiyo ni habari njema. Hata hivyo, inakupasa ufanye kazi kila siku ukijua kwamba inawezekana, japo kwa nadra, kuwa mtu fulani mahali fulani angependa usione kilichomo.

Tofauti ya pili ni ya ukubwa wa kosa linalovumilika. Katika udongo na vyakula, mtu akikuletea jibu lenye shaka (upana wa kutokuwa na uhakika wa kipimo) ya asilimia tano umempongeza, na ulikuwa na haki ya kumpongeza. Sasa tazama hesabu hii. Kiasi ambacho ukaguzi hukichukulia kuwa kinaweza kutosha kutengeneza bomu moja ni kilo 8 za plutoniamu, au kilo 25 za urani ya 235 iliyomo katika urani iliyorutubishwa kufikia asilimia 20 au zaidi. Huko Rokkasho, Japani, kuna kiwanda kilichobuniwa kuchakata tani 800 za mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika kwa mwaka, ambamo mna takriban tani 8 za plutoniamu. Asilimia moja ya tani 8 ni kilo 80. Kwa hiyo mpimaji ambaye kosa lake linaegemea upande mmoja kwa asilimia moja tu, mwaka mzima, anaweza kuficha bila kujua kiasi cha kutosha mabomu kumi. Ndiyo maana Shirika na Japani waliweka maabara ya uchambuzi ndani ya eneo la kiwanda hicho, na ndiyo maana Shirika huchapisha thamani lengwa za kimataifa, yaani orodha ya shaka inayopasa kufikiwa na kila njia ya kupima kwa kila aina ya nyenzo. Orodha hiyo, toleo la 2020, isome kabla hujapanda ndege, kwa kuwa utakapofika itakuwa ndiyo lugha ya watu wote mezani.

Kutokana na hayo mawili, jambo ninalotaka ulishike ni kwamba maabara ya ukaguzi haitoi namba tu. Inatoa namba pamoja na shaka yake, na pamoja na njia yote ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata miaka kumi baadaye akafika pale pale. Wapimaji wako watakupa namba, na wengi wao watakuwa hodari kuliko wewe katika hilo. Kazi yako kama kiongozi ni kuilinda ile shaka. Usikubali ipunguzwe ili jibu lipendeze, wala ikuzwe ili mtu asilaumiwe, na zaidi ya yote hakikisha kwamba mtu wa chini kabisa katika timu anaweza kusema "hapa pana kitu hakikai sawa" bila kulipa gharama yoyote.

Nikupe mfano ambao tayari unaujua kwa mikono yako. Urani ya 235 hutoa gama yake mashuhuri kwenye keV 185.7. Radi ya 226, ambayo umekutana nayo mara nyingi katika udongo, hutoa yake kwenye keV 186.2. Tofauti ni nusu keV, na kigunduzi kizuri cha jerimaniamu, kilichopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, bado hutoa kilele kipana kuliko hapo katika eneo hilo. Macho yataona kilele kimoja kizuri, chembamba, kisicho na nundu, na programu nayo itaona hivyo hivyo. Katika mawe ya madini ya urani ambayo hayajaguswa, karibu sehemu tatu kwa tano za kilele hicho ni za radi. Katika urani iliyokwisha kusafishwa kiwandani, radi imeondolewa, na kilele chote ni cha urani ya 235. Kwa hiyo kabla ya kuichambua spektra kuna swali moja la lazima, nalo ni kama nyenzo hii imesafishwa au haijasafishwa, na ikiwa imesafishwa, ilisafishwa lini. La pili lina uzito wake pia, kwa sababu kile kilele cha keV 1001 tunachokitumia kuhesabu urani ya 238 hakitoki kwenye urani yenyewe bali kwa mjukuu wake, na mjukuu huyo huhitaji kama miezi minne baada ya usafishaji ili afikie kiwango chake cha kawaida.

Mpimaji mwenye miaka ishirini kazini hujiuliza maswali hayo akiwa bado anavaa glavu. Huyajibu kichwani, na hayaandiki popote. Siku anapoondoka, maswali huondoka naye. Katika Shirika lenyewe, wataalamu wengi huajiriwa kwa mikataba ambayo kwa kawaida haizidi miaka saba kwa jumla, na maana yake ni kwamba katika timu ya watu sita, karibu kila mwaka mmoja hufunga mizigo yake. Kazi yako ya kwanza ya kiuongozi, kabla ya mpango wowote wa maboresho, ni kuyatoa maswali hayo vichwani na kuyaweka kwenye karatasi ya utaratibu, kila moja likiwa na nafasi ya jibu na saini.

Hapa ndipo wale wazee wawili wanapoingia. Umeandika kana kwamba ni tatizo. Mimi ninawaona kama hazina yenye tarehe ya mwisho. Kwetu heshima huanza na salamu, na aliyekutangulia kuliona jua hustahili shikamoo yake. Huko uendako hakuna neno hilo, lakini lipo tendo linalofanana nalo, nalo ni kusoma kazi ya mtu kabla ya kumsemesha kuhusu kazi. Omba ripoti zao za miaka mitatu iliyopita, uzisome, kisha mwombe kila mmoja kwa wakati wake akuruhusu ukae naye kwa siku nzima yeye akipima nawe ukiandika. Usimuulize kifaa kinafanyaje kazi, kwa sababu hilo limo katika kitabu cha kifaa. Muulize ni lini mara ya mwisho kifaa hiki kilimdanganya, na alijuaje. Sijawahi kumwona mpimaji mzuri asiye na jibu la swali hilo, wala sijawahi kumwona asiyefurahi kuulizwa.

Kuhusu swali lako la pili, nitajuaje kama majibu ni sahihi, yako mambo ambayo utayakuta yamekwisha kupangwa na sitakaa nayo sana. Maabara ya namna hii hufuata kiwango cha ISO/IEC 17025. Vifaa hufanyiwa ugezi, yaani hulinganishwa na kurekebishwa, kwa vyanzo vya rejea vyenye cheti. Sampuli zenye thamani inayojulikana huingizwa kwa siri katikati ya sampuli za kawaida, chini ya namba za msimbo, ili mpimaji asijue ni ipi. Sampuli zenyewe hazina jina la nchi. Tunza hayo yote, ila usidhani kwamba yakitimia umemaliza, maana yote huangalia kama tunatenda kama tulivyosema tutatenda. Namba isiyokaa sawa huja kwa kupitia mlango mwingine.

Tazama kilichotokea Ufaransa mwaka 1972. Katika maabara ya kiwanda cha Pierrelatte, mpimaji alikuwa akichambua urani kwa kazi ya kawaida kabisa. Kiasi cha urani ya 235 katika urani asilia kinajulikana, nacho ni asilimia 0.7202. Yeye alipata 0.7171. Tofauti hiyo ni chini ya sehemu tano kwa elfu ya thamani yenyewe. Ingekuwa rahisi kusema kifaa kimechoka, kurudia kipimo, kuchukua wastani na kwenda nyumbani. Hawakufanya hivyo. Waliifuata tofauti hiyo nyuma, hatua kwa hatua, hadi wakafika katika mgodi wa Oklo nchini Gaboni, na wakagundua kwamba miaka ipatayo bilioni mbili iliyopita, wakati urani ya 235 ilikuwa bado karibu asilimia tatu, ardhi yenyewe ilikuwa imewasha tanuri la nyuklia pale bila mkono wa mtu. Wote hulitaja tanuri. Mimi kila nikisimulia habari hii huvutwa zaidi na ule mchana wa kwanza, wakati palikuwa na namba tu iliyokataa kukaa, na mtu aliyeamua kuiandika kama ilivyo. Kama shaka ya kipimo chao ingekuwa asilimia moja, wasingeona kitu. Na kama shaka ingekuwa ndogo lakini mkuu wa zamu hataki kusikia habari za matatizo, wasingeona kitu vilevile.

Miaka ishirini baadaye ikaja Korea Kaskazini. Nchi hiyo ilikuwa imetangaza kwamba ilitenganisha plutoniamu mara moja tu, mwaka 1990, kwa kiasi cha chini ya gramu mia moja. Wakaguzi walichukua sampuli mwaka 1992. Plutoniamu ya 241 hugeuka kuwa amerisi ya 241 kwa nusu-uhai (muda wa nusu yake kugeuka) wa miaka 14.3, na kwa kuwa usafishaji wa kikemia huiondoa amerisi, kila usafishaji huianzisha saa upya. Ukipima uwiano wa viwili hivyo, saa hiyo inasomeka. Sampuli zile zilionyesha kwamba saa ilikuwa imeanzishwa zaidi ya mara moja. Tangazo na kitu havikulingana. Fikiria mwenyewe uzito uliokuwa juu ya mabega ya watu waliopima uwiano ule, na ujue kwamba walichokuwa nacho mkononi ni spektra, vyeti vya ugezi, daftari na hesabu ya shaka. Hakuna ambaye angewaamini kwa kuwa ni watu wema.

Sasa nikueleze kosa langu, kwa kuwa limenifundisha kuliko mifano ya watu wakubwa. Lilitokea katika maabara ambayo sitaitaja, nikiwa na miaka michache tu ya uongozi. Kila asubuhi, kabla ya sampuli ya kwanza, fundi alikuwa akiweka chanzo kidogo cha rejea mbele ya kigunduzi, akihesabu kwa dakika kumi, na kuweka nukta moja kwenye chati ya udhibiti. Katikati ya chati pana mstari wa thamani inayotarajiwa, na juu na chini yake ipo mistari ya tahadhari. Siku moja nilipita nikaona nukta tisa mfululizo zimekaa chini ya mstari wa kati. Hata moja haikuwa imegusa mstari wa tahadhari, kwa hiyo kompyuta ilikuwa imenyamaza. Lakini nukta tisa kukaa upande mmoja kwa bahati tu ni jambo la mara moja kati ya mia mbili na hamsini hivi.

Nilimuuliza fundi, kijana mpole sana, kama alikuwa ameona. Akasema aliona tangu nukta ya tano. Nikamuuliza mbona hakusema. Alinyamaza kidogo, kisha akanikumbusha kwamba wiki mbili kabla ya hapo alikuja kuniambia juu ya kelele katika waya wa kigunduzi kingine, nami nikamjibu mbele ya wenzake kwamba tuna sampuli arobaini zinasubiri. Nilikuwa nimeisahau kabisa siku hiyo, lakini yeye aliikumbuka hadi maneno yenyewe.

Kwanza tulishuku kwamba chanzo kimepungua nguvu, kwa kuwa sizi ya 137 hupungua asilimia 2.3 kila mwaka, lakini marekebisho hayo yalikuwa yameingizwa. Tukatazama umeme, tukatazama naitrojeni, hakuna kitu. Mwishowe mmoja wetu alikiondoa kile kikalio cha plastiki kinachobeba chombo cha sampuli, akakipima kwa kalipa, kikawa kimezidi kimo kwa milimita moja. Cha zamani kilikuwa kimepasuka, karakana ikachonga kingine, na hakuna aliyeandika. Milimita moja kwa umbali wa sentimita kumi ni kupoteza kati ya asilimia moja na nusu na mbili ya mipigo. Ungeweza kuhesabu sampuli ile mwezi mzima. Mipigo elfu kumi hukupa shaka ya asilimia moja, mipigo milioni moja hukupa sehemu moja kwa elfu, na bado jibu lingekuwa na kosa lile lile, kwa sababu kuhesabu kwa muda mrefu hakuponyi chombo kilichokaa vibaya. Majibu ya sampuli kumi na moja yalikuwa yamekwisha kutumwa. Niliandika barua ya kuyarudisha kwa mkono wangu, nikaeleza sababu, na siku iliyofuata nilimwomba radhi kijana yule mbele ya watu wale wale waliosikia nikimkatiza.

Tangu siku hiyo kikao chetu cha asubuhi kilianza na swali moja, kabla ya ratiba na kabla ya takwimu: jana umeona nini ambacho hukukitarajia? Asiyeona kitu alisema hakuona. Aliyeona aliandika katika daftari la kigunduzi husika, na ilikuwa marufuku kuuliza ni nani aliyekosea kabla kifaa hakijachunguzwa. Miezi miwili ya kwanza watu walisema mambo madogo madogo, wakinipima mimi. Nilipovumilia hayo madogo, makubwa yakaanza kuja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mgonjwa huficha maradhi kwa sababu anamwogopa mganga, na mganga hapo ni kiongozi.

Jambo jingine litakalokujia mapema ni namba mbili zisizopatana. Tuseme silinda moja ya urani imepimwa kwa gama kwa nje, na jibu ni urutubisho wa asilimia 4.44, shaka ikiwa 0.05. Sampuli iliyotolewa ndani ya silinda hiyo hiyo imepimwa kwa spektromita ya masi, chombo kinachotenganisha atomi kwa uzito wake, na jibu ni 4.310, shaka ikiwa 0.004. Atatokea mtu, huenda kwa nia njema kabisa kwa sababu tarehe ya kutoa ripoti imefika, akapendekeza mchukue wastani. Usikubali. Wastani wa namba mbili zinazokataana haumo katika kitu chochote, si katika silinda wala katika sampuli. Umeficha swali na kulipa sura ya jibu. Waketishe waliopima, wote wawili, na kila mmoja aeleze alichokichukulia kuwa kweli bila kukipima. Katika mfano huu, aliyepima kwa gama alihitaji kujua unene wa ukuta wa silinda, kwa kuwa milimita moja ya chuma hunyonya zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya gama za keV 185.7. Ikiwa alitumia unene ulioandikwa katika karatasi ya mtengenezaji, na ukuta halisi ni mwembamba kwa robo milimita, amejiongezea asilimia tatu, na hizo asilimia tatu ndizo tofauti yote. Basi arudi apime ukuta kwa mawimbi ya sauti, shaka ya unene iingizwe katika hesabu, na ripoti ieleze kilichotokea.

Utaona pia kwamba tofauti kama hizi huwa mpaka kati ya makundi ya wataalamu. Watu wa gama, watu wa neutroni, wanakemia na watu wa spektromita ya masi wana tabia ya kuishi kila mtu chumbani kwake. Katika spektra ya alfa, amerisi ya 241 kwenye megaelektrovolti 5.486 na plutoniamu ya 238 kwenye 5.499 huangukiana kiasi kwamba kigunduzi hakiwezi kuzitofautisha, na anayeweza kukusaidia ni mwanakemia aliyeitoa amerisi kabla ya sahani kufika kwako. Akiitoa kwa ukamilifu au kwa upungufu, jibu lako hubadilika. Wapeleke watu wako wa gama wakakae katika chumba cha masanduku ya glavu kwa wiki moja, uwaombe wanakemia nao waje. Mimi niliona faida yake kubwa kuliko ya mafunzo yoyote ya ukumbini.

Kuhusu kumbukumbu, sheria ni fupi: spektra ghafi haifutwi, haifunikwi, haihaririwi. Kila uchambuzi mpya huhifadhiwa kama toleo jipya, lenye jina la mchambuzi, tarehe na sababu. Afrika Kusini ilipojiunga na mkataba mwaka 1991, na baada ya Rais de Klerk kutangaza mwaka 1993 kwamba nchi ilikuwa imetengeneza mabomu na kuyavunja, wakaguzi walilazimika kuyapitia maandishi ya miaka mingi ya uendeshaji wa kiwanda cha kurutubisha urani cha Pelindaba ili kuona kama hesabu ya nyenzo inafunga. Waliokuwa wameyaandika maandishi yale siku kwa siku hawakujua kwamba yangesomwa na mgeni atakayekuwa akitafuta kilo zilizopotea. Andika daftari lako ukimfikiria mgeni huyo.

Usalama wa watu wako nao ni sehemu ya kipimo. Gramu moja ya urani ya 235 huwa na mivunjiko ipatayo 80,000 kwa sekunde, ilhali gramu moja ya plutoniamu ya 239 huwa na zaidi ya bilioni mbili, na mtu aliyezoea urani anaweza kuibeba plutoniamu kwa mazoea yale yale. Vipimo vya dozi visomwe kwa wakati na kila mtu aione yake. Ila hatari iliyokaribia kunipotezea mtu haikuwa mionzi. Ilikuwa naitrojeni. Lita moja ya kimiminika hicho hugeuka kuwa karibu lita mia saba za hewa isiyo na oksijeni, haina harufu, haina rangi, na moshi mweupe unaouona ukitambaa sakafuni Jumatatu asubuhi wakati wa kujaza matangi ni mvuke wa maji tu. Katika chumba kidogo ambacho feni imezimwa, mtu huanguka kabla hajahisi kitu. Siku ya kwanza kazini, kabla hujaiomba chati yoyote, ulizia kengele ya oksijeni iko wapi na ilijaribiwa lini.

Kisha kuna haraka. Plutoniamu ambayo haijatumika katika tanuri ni nyenzo ambayo ukaguzi unalenga kugundua upotevu wake ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo wanaokuuliza jibu liko wapi wana haki ya kuuliza. Wajibu siku hiyo hiyo, uwaambie mmefika wapi na nini kimebaki. Nimegundua kwamba wakubwa wengi huvumilia kuchelewa kulikoelezwa mapema, na kwamba timu hufanya kazi kwa utulivu ikijua kuwa simu zinaishia mezani kwako. Usizipitishe simu hizo hadi kwenye chumba cha kupimia.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifurahisha zaidi: uache kushika vifaa? Usiache, ila ubadilishe sababu ya kuvishika. Usijiwekee sampuli za ripoti, kwa sababu hakuna atakayekuwa huru kukukosoa nawe ndiwe unayetia saini. Jitwalie kazi ya kipimo cha asubuhi, siku moja kwa juma, katika kigunduzi unachokijua kidogo kuliko vyote. Ujaze naitrojeni mwenyewe, ukiwa na ngao ya uso na glavu ndefu. Uweke chanzo cha rejea, usubiri dakika zako kumi, uweke nukta yako kwenye chati kwa kalamu ile ile wanayoitumia wengine, uandike herufi za jina lako pembeni. Na siku nukta yako itakapoangukia mbali, ulete habari hiyo kikaoni kabla ya mtu mwingine yeyote hajasema.